Mukanda Wenye Kuingia ndani ya Telefone



Iko ulizo moja ambalo vijana wanatuletea tena na tena, katika Kolwezi sawa vile katika Likasi ao Kipushi: "Pasta, miye niko na kaye tatu zenye kujaa maandiko. Nani atazisoma?"

Ulizo hilo si la muchezo. Gazeti hili linatoka mara 1 kwa mwezi, kurasa zake ni chache, na karatasi inaomba feza. Hatuwezi kuchapa hadisi zote, mashairi yote, na habari zote za kambi ambazo babu zenu walijenga. Basi vijana wengi wanaweka maandiko yao kwa Facebook. Siku ya kwanza watu 20 wanabonyeza alama ya kupenda. Siku ya pili maandiko yamefunikwa na picha za ndoa na za mpira. Kiisha mwezi 1, mwandikaji mwenyewe anayatafuta na hayaoni. Na siku mwizi anapomunyanganya konto yake, ao anaposahau mot de passe, kazi ya miaka inapotea sawa vile nyumba iliyoungua.

Mwezi huu tuongee juu ya njia nyingine, yenye vijana wachache kwetu wanaijua: mukanda wa imeli. Wazungu wanauita newsletter. Ni kusema hivi: unaandika, na wale waliokubali kupokea wanapata maandiko yako ndani ya sanduku lao la imeli, kila mtu kwa jina lake, siku ileile. Msomaji haji kukutafuta. Wewe unamfikia.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko mashini. Katika miaka ya 1500, wafanyabiashara wa Venezia walikuwa wakinunua mikanda ya habari iliyoandikwa kwa mukono: meli gani imefika, vita iko wapi, bei ya pilipili imepanda namna gani. Familia ya Fugger, matajiri wa mji wa Augsburg katika Ujerumani, walikusanya mikanda ya namna hiyo kwa maelfu, na ingali inachungwa mpaka leo. Na wenye kusoma Biblia wanajua kwamba mtume Paulo aliwaomba Wakolosai wabadilishane mikanda na kanisa la Laodikia, kusudi kila upande usome yote mbili. Imeli yenyewe ilianza mwaka wa 1971, wakati Mmarekani Ray Tomlinson alipotuma maneno toka mashini moja mpaka nyingine na kuchagua ile alama @ ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashini. Kwa hiyo imeli ina umri wa wababa wengine wenye kusoma ukurasa huu.

Sasa, tofauti kubwa na Facebook ni nini? Ni orodha ya adresi. Kwa Facebook, mashini ndiyo inachagua nani ataona maandiko yako. Unaweza kuwa na marafiki 3.000, na mashini ikaonyesha kwa 100 tu. Kwa mukanda wa imeli, kama watu 60 walijiandikisha, mukanda unatumwa kwa watu 60. Na orodha ile ni yako. Unaweza kuiandika hata kwa kaye, ukaifungia ndani ya sanduku la nguo.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Heather Cox Richardson ni mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha Boston College, kule Marekani, na makao yake ni katika jimbo la Maine. Mwezi wa 9 wa mwaka 2019, alikuwa karibu kushika barabara kwa motokari, nyigu akamuuma. Juu sumu ya nyigu inaweza kumudhuru, hakusubutu kuendesha. Akakaa, akaandika kwa Facebook maneno ya kueleza mambo ya siasa yaliyokuwa yakisumbua inchi yake wakati ule, na namna yalivyofanana na mambo ya zamani. Watu wakamuletea maulizo. Akajibu. Wakaleta mengine. Hivi ndivyo alianzisha mukanda wake wenye jina Letters from an American, maana yake Mikanda ya Mmarekani Mmoja, akiutuma karibu kila usiku kwa njia ya nyumba yenye kuitwa Substack. Mwezi wa 12 wa mwaka 2020, gazeti The New York Times lilieleza kwamba kati ya watu wenye kuandika peke yao na kulipwa katika Substack, hakuna aliyemupita. Kiisha wasomaji wake wakapita milioni 1.

Najua, kijana akisikia milioni anaanza kuhesabu dolari. Ngoja kwanza. Mama huyo hakuanza na kaye tupu. Alikuwa amefundisha miaka mingi na kuandika vitabu kadha mbele ya nyigu ile. Lakini angalia namna anavyofanya kazi, kwani hiyo hata mtu wa kwetu anaweza kuifuata. Anaandika juu ya mambo anayoyajua, si juu ya kila kitu. Anajibu yale watu wanayouliza. Chini ya kila mukanda anaandika pahali alipotoa habari, kusudi mwenye mashaka aende kuhakikisha. Usiku anaochoka, hadanganyi: anatuma picha moja nzuri ya bahari na kusema leo napumzika. Na mukanda wake kila mtu anausoma bure. Wale wenye kulipa dolari 5 kwa mwezi wanapata ruhusa ya kuandika mawazo yao chini yake. Mimi naona hilo la mwisho ni jambo la akili. Feza hainunui maneno ya mwalimu. Inanunua kiti cha kukaa katika mazungumzo, na watukanaji wengi hawako tayari kulipa ili watukane.

Nyumba za kutuma mikanda ni nyingi. Mailchimp ilianza mwaka wa 2001. Ghost ilianza mwaka wa 2013, na programu yake ni huru, ni kusema mwenye ujuzi anaweza kuichukua na kuiweka kwa mashini yake mwenyewe bila kuinunua. Substack ilianza mwaka wa 2017 katika San Francisco. Lakini jua kwamba kwa nyumba hizo wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kufunga mlango. Revue, nyumba iliyoanzia Uholanzi, ilinunuliwa na Twitter mwezi wa 1 wa mwaka 2021. Tarehe 18 mwezi wa 1 mwaka 2023 ikafungwa, na vitu vyote vilivyobaki ndani vikafutwa. TinyLetter, iliyopendwa sana na waandikaji wadogo juu ilikuwa bure na rahisi, ilifungwa tarehe 29 mwezi wa 2 mwaka 2024. Aliyekuwa ametoa orodha yake ya adresi mbele ya tarehe hiyo, alihamia pengine na wasomaji wake wote. Aliyelala, alipoteza.

Iko hata wenye kuhama kwa mapenzi yao. Mwandishi Casey Newton, mwenye kutoa mukanda wa Platformer juu ya mambo ya kompyuta, alitoka Substack mwezi wa 1 wa mwaka 2024 akahamia Ghost, kwa sababu hakukubali namna Substack ilivyoacha watu wenye kusifu Wanazi watumie nyumba hiyo. Aliweza kutoka kwa sababu orodha ilikuwa yake. Kwa hiyo, mwezi kwa mwezi, bonyeza pale penye kuandikwa "exporter", toa orodha yako, iweke pahali pa pili. Ni kazi ya dakika 5.

Tukuje kwetu sasa. Najua mzazi mmoja atasema: "Nani hapa kwetu anafungua imeli? Sisi wote tuko kwa WhatsApp." Ni kweli. Watu wengi wako na adresi ya Gmail kwa sababu telefone ya Android iliwaomba kuitengeneza siku ya kwanza, lakini hawajaifungua tena. Basi usichague moja na kutupa ingine. WhatsApp ni nzuri kwa kuita watu. Imeli ni nzuri kwa kuchunga maandiko. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ndani ya WhatsApp inaishia watu 256, tena inamufikia yule tu aliyeandika nimero yako katika telefone yake. Kundi nalo, kila mmoja anaona nimero ya kila mwengine. Kwa binti wa miaka 17 mwenye kuandika mashairi, kuingia katika kundi la wanaume 300 wasiojulikana, na nimero yake iko wazi, si jambo dogo. Wazazi wanaelewa nasema nini. Kwa imeli, binti huyo anaweza kufungua adresi ya kazi hiyo tu, na asitoe nimero yake kwa mtu hata mmoja.

Tena iko hesabu ya mega. Maneno 1.000 yaliyoandikwa tupu, bila picha, yana uzito wa kilobaiti 7 hivi. Picha 1 ya telefone inaweza kuwa na megabaiti 3, ni kusema unaweza kutuma mikanda 400 ya maneno kwa uzito wa picha hiyo moja. Kwa hiyo, mwandikaji wa kwetu mwenye kuhurumia mega za msomaji anaacha picha, ao anaweka 1 ndogo. Na mukanda ukiisha kuingia ndani ya telefone, unasomeka hata mega zimekwisha, hata umeme umekatika, kadiri batri ingali na nguvu. Juu ya urefu pia usizidishe: mukanda ukipita kilobaiti 102, Gmail inaukata katikati na kumwambia msomaji abonyeze ili aone kipande kilichobaki. Wengi hawabonyezi.

Kwa kuanza, si lazima hata nyumba ya kutuma mikanda. Ukiwa na wasomaji 30, Gmail ya bure inatosha. Inakuruhusu kutuma kwa watu 500 kwa siku. Lakini tia adresi zao pale penye kuandikwa "Cci", si pale penye "À". Ukiweka kwa "À", umewatangazia wasomaji wote adresi za wenzao, na mmoja atajibu kwa wote, na mwengine atakasirika, na mukanda wako utageuka fujo. Siku utakapopita watu 100, ndipo hamia katika nyumba yenye kuandikisha watu yenyewe na kuwatoa yenyewe.

Kuwatoa, ndiyo. Hapa vijana wengi hawapendi kusikia. Msomaji ana haki ya kutoka. Chini ya kila mukanda andika namna ya kujitoa, na mtu akijitoa usimufuate kwa kumuuliza nilikukosea nini. Tena usimuandikishe mtu bila kumuuliza, hata kama ni shemeji yako. Tangu mwezi wa 2 wa mwaka 2024, Google na Yahoo wanaomba wenye kutuma kwa wingi, wale wa mikanda zaidi ya 5.000 kwa siku, wahakikishe jina lao na waweke pahali pa kujitoa kwa kubonyeza mara 1. Wewe hauko na 5.000. Lakini watu wakichoka nawe na kubonyeza "Spam", mashini inakariri, na mukanda wako utaanza kuanguka katika takataka hata kwa wale wenye kuupenda. Na sisi hapa inchini tuko na sheria, Code du numérique, ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Inalinda habari za watu, adresi na nimero zao zikiwa ndani, na inaazibu mwenye kueneza habari za uongo juu ya mtu kwa njia ya mashini. Kijana mwenye kutaka kuandika juu ya kampuni ya mgodi, ao juu ya mkubwa wa négociants, ajue hilo mbele hajabonyeza. Sisemi anyamaze. Nasema awe na karatasi mukononi, ahakikishe kwa watu 2 ao 3, na aachane na ile ya "wanasema".

Feza sasa. Substack inakata 10 kwa 100 ya feza zinazoingia, na malipo yanapita kwa kampuni nyingine, Stripe, ambayo nayo inakata yake. Kwa dolari 5 za msomaji, mwandikaji anabakia na karibu dolari 4. Lakini Kongo yetu haimo katika orodha ya inchi ambamo mtu anaweza kufungua konto ya Stripe. Kwa hiyo kijana wa Kambove anaweza kutuma mukanda kwa Substack bure, lakini kulipisha kwa njia hiyo, hapana. Akitokea mtu kwa telefone kusema atakufungulia konto "ya inje" kwa dolari 50, shika dolari zako. Wenye kutaka kusaidia mwandikaji wa hapa wanaweza kumutumia kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, hiyo inatosha. Mimi nawashauri miezi 12 ya kwanza musiongee feza hata kidogo. Kwanza muone kama muko na jambo la kusema mwezi wa 7, wakati shangwe ya mwezi wa 1 imekwisha.

Jambo la kusema ndilo shida kubwa kuliko mashini. Vijana wananiambia: "Pasta, hapa kwetu hakuna habari." Nashangaa sana. Mwaka wa 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake Mwana Shaba, na wazee wengi wa kambi walijifunza kusoma habari humo. Lakini hilo lilikuwa gazeti la kampuni: kampuni inasema, mfanyakazi anasoma. Mwaka wa 1965, katika Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, mtu mwenye jina André Yav, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu, aliandika historia ya mji kama vile wao walivyoiona: kuja kwa Wazungu wa kwanza, kazi, mishahara, vita, majina ambayo watu waliwapa mabwana wao. Aliandika kwa Kiswahili chetu, kile cha nyumbani na cha barabarani, na kuita kitabu Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Zilikuwa kurasa 30 na zaidi, zilizopigwa kwa mashini ya kuandika.

Angalia safari ya kurasa hizo. Zingeweza kufungia karanga sokoni. Lakini nakala moja ilimufikia Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha Amsterdam aliyekuwa akijifunza lugha na maisha ya Shaba. Kwa sababu mwandiko wa Yav ulikuwa wa kufuata masikio, maneno yakiungana na kutengana ovyo, Fabian alimuomba Bwana Kalundi Mango, mwenye kusema lugha hii, azisome kwa sauti. Akisoma, maana ikajitokeza. Mwaka wa 1990 zikachapwa katika kitabu, na mwaka wa 2001 zikawekwa kwa intaneti, ambapo mtu yeyote wa Likasi mwenye mega kidogo anaweza kuzisoma leo. Yav hakuandika Kiswahili cha Zanzibar, na hakungoja mtu amupe ruhusa.

Kwa hiyo mukiuliza muandike kwa lugha gani, jibu langu ni: ile ambayo wasomaji wenu wanailia na kuichekea. Kama unataka kusomwa pia na watu wa Kigoma ao Mombasa, punguza Kifaransa, eleza maneno ya kwetu mara ya kwanza unapoyatumia. Kama wasomaji wako ni dada zako waliohamia Lusaka, Johannesburg na Brussels, andika kama munavyoongea kwa barza. Hao wa mbali ndio wanafungua imeli kuliko sisi, kwa sababu kazi zao zinawaomba hivyo, tena wanakuwa na kiu ya habari za nyumbani. Anza nao. Bibi aliyefanya soko ya Kenya miaka 40 anajua bei zote na hila zote; kaa naye saa 2, andika, tuma. Mzee aliyeshuka chini ya udongo Kipushi anajua majina ya vyombo ambavyo mjukuu wake hajasikia. Mwezi ujao mwengine.

Chagua siku na uichunge: Posho ya kwanza ya mwezi, kwa mfano. Mukanda 1 kwa mwezi unatosha kwa mtu mwenye masomo ao kazi. Mbele hujatuma wa kwanza, andika 3, ziwe tayari, kwani mwezi wa malaria ao wa mitihani utakuja. Pale penye "objet" usiandike "Mukanda nambari 4"; andika jambo lenyewe: "Namna bibi alivyovuka mpaka na unga". Msomaji anaona mistari 15 katika sanduku lake na kuchagua 2.

Na mwisho wa mukanda, uliza ulizo 1 la kweli, lenye unataka kujua jibu. Watu 5 kati ya 60 watakujibu. Hao 5 uwajibu wote, kila mmoja kwa jina lake, mbele ya juma kwisha. Mmoja atakuambia kwamba umekosea mwaka wa kufungwa kwa masomo fulani. Mwengine atakuletea jina la mzee ambaye hukumujua. Mukanda wako wa pili umekwisha kupata maji na unga.

Wale wasio na telefone, msiwasahau. Chapa nakala 1 kwa siber, ibandike kwa mlango wa masomo ao umpe mama mwenye kuuza mikate. Atasomea wanunuzi wake.